Mdogo wangu kagongwa kichwa mpirani, nusu fainali ni Ijumaa. Acheze au asicheze?

Bandarini_Wete

Asalaam alaykum wana jamvi. Niko Pemba, Wete. Nnaomba ushauri wa haraka, na wenye elimu ya tiba wasinipite.

Nna mdogo wangu wa kiume, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Anacheza beki wa kati, na kwa umri wake ni mrefu, kwa hiyo kila kona ni yake. Jumapili walikuwa na robo fainali ya kombe la hapa kijijini (bingwa ng'ombe, wa pili mbuzi). Ikapigwa kona, yeye na mshambuliaji wa wenzao wakaruka pamoja, vichwa vikakutana huko huko juu. Sie tuliokaa chini ya minazi tuliusikia mlio. Akaanguka, akalala kidogo, kisha akainuka mwenyewe. Wakamwagia maji ya baridi, kocha akamuuliza "uko sawa?", akajibu yuko sawa, akarejea. Kacheza mpaka filimbi ya mwisho na watu wakampigia makofi.

Sasa mambo yenyewe. Mechi ilipokwisha akawa anauliza nani kafunga goli la pili. Goli la pili kafunga yeye. Usiku akatapika. Tangu hapo kichwa kinamuuma, jua halitaki machoni, skuli anasema maandishi ya ubaoni yanacheza, na kawa mkali kwa jambo dogo, naye si tabia yake. Hakuzimia, hana jeraha, hata nundu ya maana hana.

Kocha kaja nyumbani jana, anasema ni uchovu, apumzike siku mbili tatu na Ijumaa awe kiwanjani. Baba yupo Maskati, kwenye simu anasema "muulize mwenyewe anajisikiaje". Bibi anataka akachuliwe shingo na kupigwa chuku. Mwenyewe anaapa kuwa mzima. Mie ndo mkubwa hapa nyumbani na neno langu ndilo litakalofuatwa. Mnanishauri nini?

GoziLaNgombe

Mnadekeza watoto wa kiume. Sie tumecheza Gombani zama zile, tumegongana vichwa mpaka meno yakatoka, na tupo hapa tunaandika. Mpe uji wa moto, Ijumaa mtie kiwanjani.

Nesi_ZamuYaUsiku

Waalaykum salaam kaka. Huyo hapo juu mwache na uji wake.

Mie ni muuguzi, kazi yangu ni chumba cha dharura. Ulivyoeleza, huo ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme vyengine. Ubongo haukugandana na fuvu, umekaa ndani ya maji yake. Kichwa kikikatishwa mwendo ghafla, wenyewe unaendelea kwenda na kujizungusha humo ndani, na kazi zake zinavurugika kwa muda. Ndiyo maana huoni jeraha. Kuzimia si sharti. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Mtu kusahau goli alilolifunga mwenyewe, kwangu mie inatosha.

Kabla ya habari za Ijumaa nijibu haya: kichwa kinazidi kuuma au kinapungua? Katapika tena? Ukimwamsha anaamka vizuri? Mboni za macho ziko sawa kwa sawa? Mkono au mguu umepungua nguvu? Katokwa na maji maangavu puani au sikioni? Kapata degedege? Mfupa wa shingo unamuuma? Likiwepo hata moja linalotisha hapo usisubiri kupambazuke, mchukue hospitali, maana wasiwasi ni damu kuvuja ndani ya fuvu.

Hata kama hakuna, akaonekane. Wete hospitali ipo. Wakiona haja watakupeni rufaa Abdulla Mzee pale Mkoani, au mtavuka Unguja, Mnazi Mmoja wapo madaktari wa upasuaji wa ubongo. Na akipigwa picha ya CT ikatoka safi, isikudanganyeni. Picha ile inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe hauonekani pichani.

Kuhusu bibi, kwa heshima zake zote: shingo isichuliwe na kichwa kisichanjwe. Hatujui ndani kuna nini. Kwa maumivu mpe Panadol. Brufen na aspirini ziwekeni mbali siku hizi za mwanzo, kama kuna damu zitaizidisha.

Bandarini_Wete

Ahsante sana dada. Kichwa kinapungua asubuhi, akisoma kinarudi. Hakutapika tena. Kuamka anaamka, mboni ziko sawa, nguvu anazo. Shingo anasema imekaza lakini anaigeuza. Bibi tangu Jumapili alikuwa anamkataza kulala, anamtikisa kila akisinzia. Ni sawa?

Nesi_ZamuYaUsiku

Mwacheni alale. Usingizi ni dawa yake. Usiku ule wa kwanza ndo wa kumchungulia, kuona anapumua vizuri na akiguswa anajibu. Mkimkosesha usingizi siku tatu, kesho mtasema kapotea akili kwa mpira kumbe ni nyinyi.

KipaMstaafu_Ngambo

Hilo la "muulize mwenyewe" ndilo linaloniudhi zaidi katika habari yote. Kumuuliza aliyegongwa kichwa kama kichwa chake kizima ni kama kuiuliza saa iliyosimama sasa saa ngapi.

Mnaikumbuka fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina? Christoph Kramer, kiungo wa Ujerumani, aligongwa na bega la Garay, beki wa Argentina, dakika ya 17. Akainuka, akaendelea kukimbia, na ukimtazama kwenye televisheni huoni kitu. Kumbe alimfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza: hii ni fainali? Mwamuzi akadhani anafanya mzaha. Akarudia kuuliza. Mwamuzi ndiye aliyewaambia wenzake, na kijana akatolewa dakika ya 31. Hapo una timu iliyosheheni madaktari, dunia nzima inatazama, na dakika kumi na nne mtu anacheza fainali asiyoijua. Sembuse mchangani kwetu ambako dakitari wa timu ni yule mwenye ndoo ya barafu.

Na sie wa Liverpool tusijifanye hatuhusiki. Fainali ya Ulaya 2018 kipa wetu Karius katuangusha mbele ya Real Madrid, tukamtukana weee. Baadaye akapimwa Boston, madaktari wakasema walimkuta na mtikisiko, na katika mechi ile ile alikuwa kapigwa kiwiko na Ramos, beki wao. Sisemi magoli yale yalitokana na hilo. Nasema hatukuwa hata na wazo la kuuliza.

GoziLaNgombe

Sawa, basi avishwe ile kofia ya kipa Petr Čech acheze. Mbona yule alipasuka fuvu na akacheza miaka mingi?

KipaMstaafu_Ngambo

Čech kapasuka fuvu Oktoba 2006 na karudi kiwanjani Januari 2007, si Ijumaa ya wiki ile. Na ile kofia ilikuwa ya kulinda mfupa uliokuwa umepona. Ubongo uko ndani, kofia iko nje. Ukikatishwa mwendo ghafla ubongo unatikisika vile vile, uwe umevaa kofia au kilemba.

Kocha_Kengeja

Nimeusoma uzi wote. Mie nafundisha timu ya vijana, na nataka nimsemee kidogo yule kocha mwenzangu kabla hamjamtia kitanzini. Ijumaa nyuma yake wapo wenye kijiji, wapo waliochanga nauli za gari, yupo mwenye ng'ombe. Hana daktari. Hakuna aliyemfundisha hili. Kozi zetu nyingi ni mbinu na kanuni. Anaona mtoto anakimbia, anaamini.

Lakini Ijumaa hiyo haiwezekani. Maumivu haya ya sasa yatapita, hayo siyaogopi sana. Naogopa kugongwa mara ya pili ubongo haujatulia. Kwa vijana wadogo, ingawa hutokea kwa nadra, ubongo unaweza kuvimba ghafla na mtu akafa, na pigo la pili lenyewe laweza kuwa dogo tu. Mwaka 2011 Ireland ya Kaskazini, Benjamin Robinson, miaka 14, alikuwa akicheza raga ya skuli. Kagongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja na kila mara akaendelea kucheza. Alifariki. Miaka yake ni hiyo hiyo ya huyu wetu.

Kaka wa Wete, nakushauri usimwendee kocha kama adui. Nenda na cheti cha hospitali, na mwende na mzee mmoja anayeheshimika katika timu. Kocha ukimpa karatasi umempa pa kujifichia. Ataambia watu "daktari kakataa", na yaishe. Na jambo moja usikubali hata kwa dakika moja: asiwekwe benchi. Akiwa benchi na jezi, dakika ya 80 mko nyuma goli moja na imepatikana kona, utaona mwenyewe nani ataitwa.

MtotoWaMtambwe

Au mpandishe boti ya Alkhamisi aende Unguja kwa shangazi yake. Kesi imekwisha, hakuna wa kumtafuta 😂

Mwalimu_Baiolojia

Mtambwe umechekesha, ila boti kwa mwenye kisunzi na kichefuchefu, bahari ya mkondo ule, ni adhabu.

Nimjibu Gozi kuhusu "tupo hapa tunaandika". Wapo wasioandika. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion na Uingereza, alisifika kwa vichwa. Alifariki 2002 na miaka 59, kumbukumbu imemtoka, na uchunguzi wa kifo ukaamua kuwa ni maradhi yaliyotokana na kazi yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwalinganisha wachezaji wa kulipwa wa zamani wa Scotland na watu wa kawaida: vifo vya maradhi ya kuharibika ubongo vilikuwa kama mara tatu na nusu zaidi kwa wachezaji. Baadaye walipotazama nafasi za uwanjani, mabeki ndio waliokuwa juu kabisa, makipa wakawa karibu sawa na watu wa mitaani. Beki wa kati na kipa wamekula vumbi lile lile. Tofauti kubwa ni vichwa.

Hao ni watu wa kulipwa, miaka na miaka. Simtishi mtu kuwa mtoto anayecheza jioni atapoteza kumbukumbu.

Bandarini_Wete

Tumerudi kutoka hospitali. Daktari kampima, kamsimamisha mguu mmoja, kamtajia maneno matano ayarudie, mawili hakuyapata. Kasema ni mtikisiko, picha haihitajiki kwa sasa, tumwangalie na tukiona zile dalili za hatari turejee. Cheti kaandika asicheze. Sikuuliza mpaka lini, nilikuwa namshika mama. Nani anajua?

Nesi_ZamuYaUsiku

Alhamdulillah. Siku moja mbili za mwanzo ni mapumziko, lakini si kumfungia kizani. Atembee uani, asaidie kazi nyepesi. Simu na gemu mpunguzieni sana. Kisha skuli kwanza, mpira baadaye: mwambie mwalimu wake amkalishe mbele, akiumwa apumzishe macho. Skuli ikishakuwa nyepesi ndo aanze kukimbia taratibu peke yake, kisha kukimbia na mpira, kisha mazoezi ya pasi bila kugusana na mtu. Kila hatua ichukue siku nzima au zaidi, na dalili zikirudi arudi hatua ya nyuma. Kabla ya mazoezi ya kugusana aonekane tena na daktari.

Uingereza mwongozo wao wa 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema mechi isiwe kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugusana yasubiri mpaka apite siku 14 bila dalili yoyote. Kwa mtoto wa miaka 15 mie ningechukua huo huo na nisione haya kuzidisha. Watoto wengi huchukua hata wiki nne kutulia. Kwa hiyo fainali nayo isahauni.

GoziLaNgombe

Haya nimekaa kimya. Ila mwamuzi alikuwa wapi Jumapili?

Kocha_Kengeja

Swali zuri, nimekubali. Sheria ya tano ya mpira inampa uwezo: mchezaji akiumia vibaya asimamishe mchezo na ahakikishe katolewa nje. Tena tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano yakitaka yawe na badiliko la ziada kwa aliyepata mtikisiko, lisilohesabika na mengine. Hilo halina gharama. Katibu wa kombe la ng'ombe anaweza kuliandika kwenye kanuni zake kesho, na kocha hatokuwa na hofu ya kumaliza wabadala.

Mama_Wawili_Chake

Samahani kuingilia. Wangu ana miaka tisa, kocha wao anawapanga mstari na kuwarushia mpira wapige vichwa, tena ule mpira uliochunika unaokunywa maji ya mvua. Nimkataze?

Kocha_Kengeja

Mama, mwambie kocha kwa upole kuwa Marekani tangu 2015 wamezuia vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, na Uingereza 2020 wakaviondoa mazoezini kwa watoto wa skuli za msingi. Mtoto wa miaka tisa kwanza ajue kupokea mpira na mguu, hata hajui kuutuliza. Mimi wadogo wangu siwafundishi kichwa. Wakubwa kidogo nawaanzisha na puto, kisha mpira mwepesi, na nafundisha kuruka na kutua, kwa kuwa mitikisiko mingi inatokana na kichwa kwa kichwa, kiwiko na ardhi, kuliko mpira wenyewe. Na huo uliochunika utupeni.

Bandarini_Wete

Nimekwenda kwa kocha na mzee mmoja wa timu kama mlivyonielekeza. Alikunja uso, akasoma cheti mara mbili, akauliza "sasa kona nani ataruka?" Kisha akalifuta jina. Mdogo wangu hasemi na mie tangu jana. Baba kapiga simu Maskati, kasema nimefanya sawa, mama ndo kamsomea ushauri wenu wote. Tunarudi kwa daktari wiki ijayo, nitaleta habari.

MtotoWaMtambwe

Atasema na wewe tu, subiri ataka vocha.