Naombeni msaada wakuu, programu ya mizani niliyoandika kwa Rust (lugha ya kuandikia programu) ni nzito mno, bando linaisha

mzaliwa_wa_makole: Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nipo hapa Dodoma, nimewaandikia wakulima wa zabibu kule Hombolo programu inayosoma mizani na kutuma kilo za kila mtu kwenye seva, inakaa kwenye Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) yenye modemu ya laini. Sasa kila nikirekebisha kitu inabidi faili lote lishuke upya kwa bando na mtandao wa kule wa kubahatisha, juzi limekatikia njiani mara nne, wazee wamekaa na kreti zao juani wananisubiri mimi, iliniuma sana. Faili ni MB 71 wakati mistari niliyoandika haifiki 2000. Nakosea wapi?

fundi_nzuguni: Umekompaili, yaani umegeuza kodi kuwa programu, kwa amri ya cargo build tupu ee? Hiyo ni ya majaribio, inabeba taarifa zote za kutafutia makosa. Weka --release kwanza, ndo toleo la kazi.

mzaliwa_wa_makole: Aisee kweli mkuu, imeshuka mpaka MB 8. Inaweza kushuka zaidi ya hapo?

mama_kompaila: Inashuka. Kwenye Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi wako, weka hivi:

[profile.release]
strip = true
lto = true
codegen-units = 1
opt-level = "z"

Strip inatoa majina ya funksheni, kwa hiyo kopi yenye majina baki nayo mwenyewe, siku programu ikianguka utaihitaji. Lto inaifanya kompaila iangalie kazi yako na maktaba zake zote kwa pamoja halafu ifute visivyoitwa. Codegen-units kwenye rilizi kawaida ni 16, yaani kazi inagawanywa vipande ili iishe haraka, ukiweka 1 utasubiri sana ila inabana vizuri. Hiyo z inaiambia kompaila itengeneze faili dogo, ila ipime na "s" pia, kuna wakati s ndo inatoa faili dogo.

kijana_wa_bahi: Ongezea panic = "abort", inakata kingine kizuri tu

mama_kompaila: Hapo asikimbilie. Mdogo wangu, mizani unaisoma kwenye thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) yake peke yake?

mzaliwa_wa_makole: Ndio dada, waya ukichomoka ile thredi inapaniki (inasimama kwa kosa), thredi kuu inaona inaianzisha upya.

mama_kompaila: Basi iache kama ilivyo. Ukiweka abort, thredi moja ikipaniki programu nzima inakufa palepale, na kilo ambazo hazijatumwa kama ziko kwenye RAM zimepotea, hizo ni hela za mtu aliyepalilia na kumwagilia msimu mzima. Tena ziandike kwenye memori kadi kabla ya kutuma, hilo lifanye hata kama faili halitapungua.

fundi_nzuguni: Halafu endesha cargo bloat --release --crates uone maktaba ipi imekula nafasi, usikate kwa kubahatisha.

mzaliwa_wa_makole: Nimeona, regex (maktaba ya kutafuta mifumo ya maandishi) ipo juu kabisa! Na niliiweka kwa ajili ya kutoa herufi "kg" tu mwisho wa namba, nimeibadilisha na trim_end_matches, funksheni ya Rust yenyewe ya kukata mwisho wa maandishi. Sasa hivi MB 2.9. UPX, ile ya kubana faili la programu, je?

fundi_nzuguni: Ya nini, hiyo kila programu ikiwaka lazima ijifungue kwanza kwenye RAM. Shida yako ni bando, libane kwa xz (programu ya kubana mafaili) wakati wa kutuma, Pi italifungua ikishalipokea lote.

mzaliwa_wa_makole: Kwa xz imekuwa MB 1.1. Nashukuruni sana, dada hasa wewe, leo nakesha na hiyo ya kuandika kwenye kadi, asubuhi nipande gari la Hombolo nikaifunge mwenyewe.