Tupeane uzoefu: ulimtambuaje mwenzako wa gari za Kijapani hapa Lubumbashi?

Kapo Jekundu, Bel-Air
Ndugu zangu wa volan (usukani) ya kulia, salamu. Kila wiki kuna mtu ananiambia "yaya, nilikuona avenue Lumumba, nikakupigia taa, ukanipita." Basi tuambizane hapa: gari gani uliikuta mjini ikakugeuza shingo, na mwenyewe ukamjua namna gani? Namba za plaki za watu tusiandike, wala lupango (kiwanja cha nyumba) ambamo gari inalala.

Naanza mimi. Toyota Altezza yangu bado ina taa za nyuma za kiwandani, zile zenye kioo cheupe ambazo dunia nzima iliziiga baada ya 1998. Nikiwa nimesimama Place de la Poste, kijana akanigongea dirisha: "Ni AS au RS?" Hakusema gari nzuri, hakuuliza bei. Pale pale nikajua huyu ni wa kwetu. Ni AS200, silinda sita. Msinicheke.

Silinda Sita, Kampemba
Hatucheki yaya. Ila zile nguvu za farasi 210 ziko kwenye RS.

Chaser ya Katuba
Yangu ilipita njia ya wote: meli mpaka Dar es Salaam, kisha Tunduma, Nakonde, Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Kule wanatembea kushoto, volan iko mahali pake. Ukivuka mpaka unahamia kulia, na wewe dereva unabaki upande wa majani. Kupita lori kunataka abiria mwenye macho na mwenye kupenda uhai wake: "Pita! Hapana, bado! Haya, pita!"

Kwenye barabara hiyo hiyo, karibu na peaji, pale pa kulipia barabara, niliona Toyota Mark II nyeupe, toleo la JZX100. Rangi imechoka, rimu za kawaida, hata stika moja hakuna. Nikaidharau. Halafu foleni ikafunguka, ikapita malori mawili kwa mkupuo, nikasikia mluzi wa turbo. Nikaangalia vizuri chini ya bampa nilipoifikia: intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa kabisa. Hiyo ni injini ya 1JZ, hakuna maneno.

Nikaifuata. Ikasimama kando ya barabara, akatoka papa mwenye mvi, akaanza kupatana bei ya makala, mkaa wa kupikia! Mifuko miwili ikaingia kwenye buti la gari ambayo karatasi za Japani ziliiandika farasi 280. Na hiyo 280 yenyewe msiiamini sana. Makampuni ya kule yalikuwa yamekubaliana yasitangaze zaidi ya hapo, mpaka 2004, kwa hiyo gari nyingi zilitoka kiwandani na nguvu kuliko karatasi. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwomba nione ndani. Akafungua kapo, yaani boneti, bila haraka. Tukasahau makala, tukasahau jua. Akaniambia: "Mwana, kule kanisani bamama wanaijua kama gari ya makala. Usinivunjie siri."

Papa, siri nimeitunza. Jina sijataja.

Mama Vitz
Mimi Vitz RS, gia za mkono, nimeishusha kidogo tu. Binti yangu anakaa mbele kushoto, na kwa sababu huku wote wanatazama kushoto, watu wanadhani ndiye dereva. Mwenye Swift Sport ya njano alitupigia taa avenue Kasaï, akainua mkono kusalimia, akakuta mtoto wa miaka kumi na miwili anasoma daftari. Ule uso wake! Siku hizi akituona anamsalimia yeye kwanza: "Jambo, shofere." Mimi napewa salamu za mwisho.

Kelele za Ruashi
Legacy GT yangu ya 2004 hailii ile ngurumo ya Subaru. Napita mbele ya watu, hakuna anayegeuka. Imeharibika?

Silinda Sita, Kampemba
Haijaharibika. Ile ngurumo inatokana na mabomba ya moshi ambayo urefu wake haulingani kabla ya kufika kwenye turbo. Legacy GT za soko la Japani kuanzia 2003 zina mabomba yanayolingana, ndiyo maana iko tulivu. Usikubali mtu akukatie kitu. Mimi nilikujua kwa huo utulivu: kapo yenye tundu, na haipigi kelele. Ulikuwa unaweka mafuta barabara ya Kasenga, umevaa jezi ya Mazembe.

Kelele za Ruashi
Njo mimi kabisa!

Mwanafunzi wa Likasi
Nyinyi mnatambuana kwa injini. Mimi nilitambuana na rafiki yangu kwa mwanamke wa Kijapani. Ukiwasha gari anaongea peke yake: anadai kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Pale chuoni niliwasha Caldina yangu, na dirisha la Verossa ya pembeni likiwa wazi, nikasikia mwingine anadai kadi yake. Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi. Kumbe hata yeye hajawahi kumnyamazisha. Na redio zetu zote mbili zinakomea FM 90, kama zilivyotoka Japani, kwa hiyo hakuna wa kumkatiza mama huyo.

Mzee wa Spana, Kamalondo
Wanangu, nyinyi mnaona magari kwa juu, mimi nayaona kwa chini. Na huko chini kuna aibu.

Mnakata springi kwa msumeno. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na shokapu inafika mwisho kabla ya wakati. Kiangazi mnavumilia. Mvua zikianza, shimo limejaa maji hulioni, unaliingia, karta (bakuli la oili chini ya injini) imepasuka, oili yote iko chini. Halafu mnakuja kulia kwangu. Ukitaka kushusha, tafuta springi fupi zilizotengenezwa fupi, na shokapu zinazoendana nazo.

Jambo lingine. Huu mji uko mita kama 1,200 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa hewa hii nyepesi. Kwa hiyo kijana mwenye bomba kubwa la moshi kwenye Toyota Ist, nguvu huongezi, unaamsha tu wagonjwa.

Mama Vitz
Mzee, asante. Huyo wa Ist ni jirani yangu.

Kelele za Ruashi
Mzee, yangu niliinunua ikiwa imeshakatwa springi za nyuma. Nzima nitapata wapi?

Mzee wa Spana, Kamalondo
Kuna Legacy iliyogongwa mbele, inafunguliwa vipande Jumamosi. Nyuma yake haina hata mkwaruzo. Uje asubuhi na mapema, na uje na jeki yako, ya kwangu imeazimwa.