Mjadala: Asiye na gati London alipie boti yake zaidi?

Msafiri wa Lea

Wakuu, heshima mbele. Humu tunalalamikia kodi za vyumba kila wiki, lakini kuna kundi la watu wanaozikimbia kodi hizo kwa njia ambayo hatujawahi kuijadili. Pita Hackney, Tottenham Hale au Little Venice asubuhi yoyote. Utaona boti za chuma zimefungwa mfululizo kando ya mifereji na mito, kwingine mbili mbili ubavu kwa ubavu, na juu ya paa baiskeli, magunia ya makaa, mtungi wa gesi. Hao si watalii. Ni walimu, mafundi, wahudumu wa wagonjwa, wastaafu. Boti za London zimevuka 4,000, na karibu nusu hazina gati la kudumu, yaani nafasi yake yenyewe ya kufungwa ukingoni.

Asiye na gati anaishi kwa kipengele kimoja cha British Waterways Act ya 1995. Kifungu cha 17 kinasema ukitaka leseni, ama uwe na mahali pa kudumu pa kuweka boti, ama uitumie kwa nia ya kweli ya kusafiri, usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, ila kama hali yako inastahili muda zaidi. Sheria haikutaja maili wala kilomita. Canal & River Trust, shirika la hisani lililokabidhiwa mifereji hiyo mwaka 2012, ndilo lililokuja kusema kwamba anayezunguka ndani ya maili 15 hadi 20 kwa mwaka mzima atapata taabu kulishawishi kuwa anasafiri kweli. Akishindwa hupewa leseni ya muda mfupi, awe chini ya uangalizi, na asipobadilika anaweza kunyimwa kabisa. Boti isiyo na leseni huondolewa majini kwa kifungu cha 8 cha sheria ya 1983. Kama ni makazi ya mtu, shauri huenda mahakamani kwanza, lakini mwisho wake unajulikana.

Juu ya hayo, tangu Aprili 2024 asiye na gati anatozwa nyongeza kwenye leseni. Ilianza asilimia 5 na inapanda kila mwaka hadi ifike asilimia 25 mwaka 2028. Hoja ya Trust ni kwamba huyu anaitumia mifereji kuliko mwenye gati.

Mimi nasema nyongeza hii ni faini ya kukosa kitu ambacho hakipo. Magati ya makazi London ni machache, ya katikati ya mji huvuka pauni 10,000 kwa mwaka, na gati la Trust likibaki wazi hupigwa mnada. Nibishieni.

Jirani wa Ghorofani

Nakubishia mimi, kaka. Dirisha langu linatazama mfereji wa Regent's Canal, na kuanzia Novemba hadi Machi silifungui. Jiko la kuni la boti lina bomba fupi, moshi wote unapanda ukutani hadi kwangu. Masharti ya leseni yanakataza kuwasha injini au jenereta kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ukiwa karibu na watu, lakini nani anasimama pale saa tano usiku kuangalia? Ukilalamika unaambiwa wewe tajiri wa ghorofani unayetaka mandhari. Mimi ni mpangaji! Kodi ya halmashauri nalipa. Boti inayozunguka hailipi hiyo kodi hata senti moja.

Msafiri wa Lea

Dada yangu, moshi naukubali, si jambo la kubishana. Ila tazama unatoka wapi. Mtu anawasha kuni kwa sababu pale alipofunga hakuna umeme. Islington kuna sehemu ya mfereji zimewekwa nguzo za umeme, boti zinachomeka waya na jiko linapumzika. Na tangu Environment Act ya 2021 halmashauri zina uwezo wa kuingiza boti kwenye maeneo ya kudhibiti moshi. Kwa hiyo dawa ipo, na iko mikononi mwa halmashauri. Nyongeza ya leseni haitakupunguzia hata pumzi moja ya moshi.

Mlipa Gati

Mnazungumza kana kwamba wenye gati ni mabwanyenye. Mimi nalipa leseni kama wasio na gati, halafu gati juu yake, na kwa hapa nilipo kodi ya halmashauri pia. Mwaka mzima boti yangu inatoka labda wiki tatu za kiangazi. Wao wanapita malango ya maji, yale yanayopandisha na kushusha boti, kila baada ya wiki mbili, wanachota maji kwenye mabomba ya umma, wanamwaga matangi ya choo kwenye vituo vya umma, wanachakaza kingo kwa vigingi. Nani anachakaza zaidi? Anayechakaza zaidi achangie zaidi. Sioni ubaguzi hapo, naona hesabu.

Halafu tuseme kweli. Wengi wao hawasafiri. Wanasogea kutoka Hackney kwenda Tottenham na kurudi Hackney kwa sababu kazi iko Hackney. Nia ya kweli ya kusafiri iko wapi hapo?

Fundi Chuma

Kabla hamjaendelea, niseme mambo mawili matatu, maana nimeshika brashi ya lami chini ya boti hizi miaka.

Kwanza, hakuna anayeishi humo kwa starehe ya bei rahisi kama mnavyodhani. Boti nyembamba ina upana wa mita mbili na kidogo tu, kwa sababu malango mengi ya zamani yalijengwa kwa kipimo hicho. Iliyotumika na inayokalika utaipata kwa pauni 40,000 hadi 60,000, na benki haikupi mkopo wa nyumba kwa chuma kinachoelea. Kila miaka miwili mitatu inatolewa majini ipakwe lami. Cheti cha usalama kila miaka minne. Bima lazima. Betri zinakufa wakati wa baridi. Na tofauti na nyumba, thamani inashuka, haipandi. Nimeona vijana wananunua Mei na kuuza Februari.

Pili, kuishi kwenye boti hapa si mtindo wa juzi. Karne ya 19 familia nzima za wabeba mizigo zililala kwenye kibanda cha nyuma chenye urefu wa mita tatu hivi, baba, mama na watoto, makaa ya mawe yakijaza sehemu iliyobaki. Bunge likatunga sheria za 1877 na 1884 kuandikisha boti hizo kama makazi, kupunguza msongamano na kuangalia watoto wanasoma. Ile baridi kali ya 1962 kuingia 1963 ndiyo iliyoimaliza biashara, barafu ilizishika boti wiki nyingi na mizigo ikahamia barabarani moja kwa moja. Kwa hiyo mfereji umewahi kuwa makazi kabla haujawa mahali pa kunywea kahawa.

Tatu, na hili Mlipa Gati alisikie. Ule mswada ulioleta sheria ya 1995, bodi ya British Waterways, iliyosimamia mifereji kabla ya Trust, ilitaka kila boti iwe na gati. Bunge likakataa, likaacha mlango kwa wasio nalo. Hawa hawajajipenyeza. Sheria iliwafikiria.

Mlipa Gati

Iliwafikiria wasafiri, mzee wangu. Haikufikiria watu elfu mbili wa mji mmoja wanaokwepa kodi ya chumba.

Mhasibu wa Croydon

Jamani, mbona hakuna aliyegusa fedha? Trust inatunza takribani kilomita 3,200 za mifereji na mito ya Uingereza na Wales, pamoja na mabwawa, madaraja na malango ambayo mengi yana umri wa miaka 200. Agosti 2019 bwawa la Toddbrook, juu ya mji wa Whaley Bridge, lilimomonyoka baada ya mvua na watu wapatao 1,500 wakahamishwa. Hilo ni bwawa la mfereji. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, na haiishi.

Sasa mwaka 2023 serikali ilitangaza pauni milioni 401 kwa miaka kumi kuanzia 2027. Kwa masikio ni nyingi. Trust yenyewe ikapiga hesabu ya mfumuko wa bei ikasema ni upungufu wa zaidi ya milioni 300 ukilinganisha na ilivyokuwa inapewa. Shirika likibanwa hivyo litakamua pale linapoweza kukamua, na wenye leseni hawana pa kukimbilia. Lakini Msafiri ana hoja moja: ada za leseni ni sehemu ndogo ya mapato yake. Ukimtoza kila asiye na gati hata mara mbili, Toddbrook haijengeki kwa hizo.

Kwa maoni yangu wote mnagombana na karani wakati mwenye hazina amekaa serikalini, Westminster.

Muuguzi wa Zamu

Shikamooni wakubwa. Mimi kazi yangu ni kutembelea wagonjwa majumbani, na wengine nyumba yao ni boti. Yupo mzee mmoja, miaka sabini na kitu, magoti yamekwisha. Kila baada ya wiki mbili lazima nimpigie simu kwanza: leo uko wapi, baba? Kufungua lango la maji ni kusukuma boriti kwa mgongo na miguu, yeye hawezi. Majirani zake wa boti ndio wanaomsogezea. Watu ambao mnasema ni wakwepa kodi wanaacha kazi zao Jumamosi kumhamisha mzee.

Nijuavyo mtu mwenye ulemavu au mjamzito anaweza kuomba apunguziwe mwendo, Equality Act ya 2010 inamlinda, na Trust ina utaratibu wa maombi hayo. Lakini ni maombi, yenye fomu na barua za daktari. Kijana mwenye mtoto wa shule ya msingi Hackney ana shida nyingine kabisa. Shule haisogei.

Na kabla hamjaniuliza: kliniki haiwezi kumkataa mtu kwa kukosa anwani. Hata kupiga kura anaweza, anajaza tamko la mahali anapohusika napo. Nchi hii imekubali kwamba watu hawa wapo. Mahali pa kulala tu ndipo inapojifanya haiwaoni.

Jirani wa Ghorofani

Dada muuguzi, hapo kwa mzee umenigusa. Huyo apewe gati bure kabisa, sina ugomvi. Lakini usimtumie yeye kumfichia yule wa jenereta.

Msafiri wa Lea

Nijibu kwa pamoja.

Mlipa Gati, umesema kazi iko Hackney ndiyo maana hawaendi mbali. Sawa kabisa! Hiyo ndiyo hoja yangu. Kanuni ya siku 14 iliwekwa mfereji usizibwe na boti zilizoegeshwa. Leo tunaibebesha uhaba wa nyumba wa mji ambao wastani wa kodi ya nyumba umevuka pauni 2,000 kwa mwezi. Kisha tunashangaa imepinda. Anayelipa asilimia 25 zaidi hatasafiri mbali zaidi, ataendelea kwenda Tottenham na kurudi, akiwa na pesa pungufu ya makaa.

Na hoja ya kuchakaza ina tobo. Kiangazi cha 2025 ukame ulifunga sehemu kubwa ya Leeds and Liverpool Canal na mingine. Boti zikakwama, za wenye gati na za wasio nalo. Hakuna lango lililofunguliwa, lakini nyongeza haikusimama.

Kule kwetu mto Lea, mwaka 2021 Trust ilitangaza maeneo ya usalama, ikazuia kufunga boti kwenye sehemu kadhaa za kingo ili wapiga makasia wapite. National Bargee Travellers Association, chama cha wasio na gati, kiliandamana. Wapiga makasia nao wana haki, mto si wetu peke yetu. Ila nafasi zikipungua huku na ada ikipanda kule, mtu anaambiwa nini? Aende wapi?

Ninachotaka mimi ni hiki: Housing and Planning Act ya 2016, kifungu cha 124, inazitaka halmashauri zikipima mahitaji ya makazi ya maeneo yao zihesabu na mahali pa kufunga boti za kuishi. Basi zihesabu, kisha zijenge. Pete za chuma ukingoni, bomba la maji, nguzo ya umeme, kituo cha choo. Ukilinganisha na kujenga ghorofa, ni gharama ya chai.

Mpangaji wa Almere

Nawasoma kutoka Uholanzi, niwape onyo kidogo. Amsterdam wana boti za makazi kama 2,500, zimeunganishwa na umeme, maji, hata bomba la maji taka. Kila moja ina mahali pake na kibali chake, na vibali vipya ni kama havipo. Matokeo? Boti iliyooza inauzwa mamia ya maelfu ya yuro, maana mnunuzi hanunui boti, ananunua kibali. Fundi na muuguzi walioanza maisha yale walishauza zamani. Mkijenga magati mazuri Hackney, watakaoyapata si hawa mnaowatetea.

Msafiri wa Lea

Umesema jambo, mkuu. Kwa hiyo gati liwe na masharti: bei kwa urefu wa boti, si kwa mnada, na lisihamishwe pamoja na boti ikiuzwa. Ukiondoka linarudi halmashauri. Na asiyetaka gati aachwe azunguke kama sheria ya 1995 ilivyompa, bila nyongeza.

Mlipa Gati

La kutouzika na boti nakuunga mkono. La mnada bado. Bila mnada nani anaamua fulani apate na fulani akose?

Msafiri wa Lea

Orodha ya kusubiri, mwenye mtoto na mgonjwa mbele. Kama nyumba za halmashauri.

Mlipa Gati

Orodha ya nyumba za halmashauri umewahi kuona urefu wake?