Wauza rimoti wa hapa mjini, acheni kutuambia "inashika kila kitu"

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna uongo unaouzwa kila siku kwenye maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, na uongo wenyewe ni sentensi moja tu: "Hii ni yunivaso, inashika kila kitu." Hakuna rimoti inayoshika kila kitu. Haijatengenezwa. Na mtu anayeshinda nyuma ya kaunta akiuza rimoti kutwa nzima anajua hivyo, au ana wajibu wa kujua kabla hajapokea pesa ya mtu.

Niwaeleze nina vyombo gani ndiyo mwelewe. Televisheni, dikoda, kijiti cha Fire TV (kile kinachochomekwa kwenye televisheni kuleta sinema za mtandaoni), na resiva ya sauti yenye spika tano na sabwufa. Resiva ni eksi-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, kama nyingi zinazouzwa hapa mjini. Tunazipenda hizi mashine kwa sababu Kenya na Uingereza tunatumia plagi ile ile ya pini tatu na umeme wa volti 230 hadi 240, kwa hiyo unachomeka na inaimba bila transfoma. Tatizo ni kwamba nyingi hushuka kwenye kontena bila rimoti zake. Na resiva isiyo na rimoti ni nusu resiva. Kitufe cha sauti kipo usoni, sawa. Lakini kuiambia spika za nyuma ziko umbali gani na kiti, kupunguza besi ya sabwufa ili jirani wa chini alale, kuongeza spika ya katikati ili maneno ya sinema yasikike, mambo hayo mara nyingi yamo ndani ya menyu ambayo vitufe vya mbele haviifikii.

Muuzaji analijua pengo hilo vizuri. Hapo ndipo anapochomoa rimoti ya shilingi 1,200 iliyozibwa ndani ya plastiki ngumu na kuiweka juu ya mashine yako.

Nilimuuliza swali lisilo na kona: hii itaendesha resiva hii, na itaendesha kijiti cha Fire TV? "Bosi, hiyo ni yunivaso, usijali." Nikamwomba tuijaribu pale pale, maana resiva ilikuwa juu ya kaunta na soketi iko ukutani. Akasema plastiki ikipasuliwa imeshanunuliwa. Akanihakikishia tena, mbele ya wateja wengine, kwamba itafanya kazi. Nikalipa kwa neno lake. Risiti ikaja imegongwa muhuri: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Televisheni ilitii. Dikoda ilitii vitufe vya chaneli ikakataa menyu. Resiva ilikubali kuwaka na kuzima, na sauti kupanda hatua moja moja, basi. Kijiti cha Fire TV hakikutikisika. Niliporudi dukani nikaambiwa nimeweka kodi vibaya, yaani zile namba za kuiambia rimoti inaongea na chombo gani.

Sasa ngoja niseme kwa nini jibu hilo ni matusi.

Rimoti za bei hii zinaongea kwa miali ya infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Kijiti cha Fire TV hakina jicho la kupokea miali hiyo. Kimefichwa nyuma ya televisheni na rimoti yake huongea nacho kwa redio, si kwa mwanga. PlayStation 5 nayo ni hivyo hivyo, haina jicho la infraredi. Kwa hiyo ungeingiza kodi zote zilizo kwenye kijitabu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna ambayo ingewasha kitu. Hilo halihusiani na mteja kukosea. Muuzaji angeweza kulisema kwa pumzi moja: "Hiyo ya Fire TV haitashika, baki na rimoti yake." Ningemshukuru na pengine ningenunua bado.

Halafu kijitabu chenyewe. Maandishi ya sisimizi, jina la kampuni, kando yake namba za tarakimu nne. Ukiona jina la resiva yako limo unafurahi, kumbe zile ni kodi za televisheni za kampuni hiyo. Kampuni moja ina kodi zake za televisheni, nyingine za resiva, nyingine za kichezea diski. Wanakuambia basi tumia utafutaji wa kujiendesha: unabonyeza, rimoti inatupa kodi moja baada ya nyingine mpaka chombo kizime. Inasimama kwenye kodi ya kwanza inayozima. Lakini kodi inayojua kuzima huenda haijui menyu, haijui kubadilisha chanzo cha sauti, haijui hata kunyamazisha. Inabidi uendelee kutafuta nyingine hata kama chombo tayari "kimekubali". Hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza hili. Nimelijua kwa kukaa sakafuni na kijitabu.

Na wale wanaosema "chukua ile ya kunakili, inajifunza kutoka kwa rimoti halisi": inajifunza kutoka kwa rimoti ipi? Rimoti halisi ndiyo haikuja na mashine! Unamuuzia mtu wa eksi-UK rimoti ya kunakili kisha unamwambia akatafute ya kunakilia?

Lakini kilichonifikisha hapa hasa ni uzito wa rimoti hizi. Unabonyeza, hakuna kitu. Unabonyeza tena, inaruka hatua mbili. Watu wanadhani ni betri. Wakati mwingine ni betri kweli, lakini mara nyingi ni rimoti yenyewe kutojua lugha ya chombo sawasawa. Ule mwanga haukai tu ukiwaka. Unapepesa kwa kasi maalumu, na kila mfumo una kasi yake. Mfumo wa NEC, unaotumiwa na vyombo vingi vya Asia, hupepesa mara 38,000 kwa sekunde. Wa Sony ni 40,000. RC-5 ya Philips ni 36,000. Jicho la chombo limepangwa kusikiliza kasi yake. Ukililetea kasi ya jirani halizibi kabisa, ila linasikia kwa shida, na wewe unajikuta umenyoosha mkono umesogea hadi katikati ya sebule. Rimoti ya ovyo inarusha kila kitu kwa kasi moja na kukuachia wewe kazi ya kusogea.

Kisha kuna kushikilia kitufe. Katika NEC, amri nzima huchukua kama milisekunde 68, na kidole kikibaki kwenye kitufe rimoti hutuma ishara fupi ya "endelea" kila baada ya milisekunde 108 hivi. Ndiyo maana kwenye rimoti halisi ukishikilia sauti inapanda mfululizo. Rimoti isiyotuma ile ishara ya kuendelea inakupa hatua moja, inakaa kimya. Sony wao hurudia amri nzima kila milisekunde 45, na kwa kawaida amri hutumwa angalau mara tatu. Rimoti ikituma mara moja na kunyamaza, chombo kinaweza kuipuuza. Huo ndio uzito tunaousema. Una sababu, na unapimika dukani kwa kushikilia kitufe kimoja tu, kama tungeruhusiwa kupima.

Mamangu anakaa nasi siku hizi. Ana baridi yabisi ya vidole. Anataka kitu kimoja jioni: taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja, kwa sauti anayoisikia. Nilitaka rimoti moja mkononi mwake, vitufe vinne anavyovijua. Badala yake mzee wa watu anaminya kwa kidole gumba mara tatu, mara nne, kisha ananiita jina na kuomba msamaha kana kwamba ameharibu kitu. Hajaharibu kitu. Ameuziwa takataka kupitia kwangu, na hilo linaniuma kuliko zile 1,200.

Na stima. Rimoti za vyombo vingi hutuma kodi moja ya kuwasha na kuzima: ukibonyeza, chombo kinabadilisha hali kiliyonayo. Rimoti ya kuendesha vyote kwa kitufe kimoja inarusha kodi hiyo kwa televisheni, resiva na dikoda kwa mpigo. Sasa stima imepotea imerudi, dikoda imewaka yenyewe, televisheni imebaki imelala. Ukibonyeza, iliyolala inaamka na iliyoamka inalala, na zitabaki zikipishana hivyo mpaka uinuke uende ukazisawazishe kwa mkono. Dawa yake ipo: vyombo vingi, hasa resiva, vina kodi mbili tofauti ndani yake, moja ya kuwasha pekee na nyingine ya kuzima pekee, hata kama rimoti halisi haina vitufe hivyo. Rimoti nzuri inazijua. Muulize muuzaji kama yake inazijua uone atakavyokutazama.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyamalize. "Tumia simu yenye infraredi." Simu ni yangu, naondoka nayo asubuhi; mama atabaki na nini? "Washa CEC." Nimewasha. CEC, yaani vyombo kupeana amri vyenyewe ili rimoti moja iviendeshe, hupita kwenye kebo ya HDMI, na resiva yangu imeungwa kwa kebo ya mwanga, ambayo hubeba sauti pekee, haibebi amri. Kwa wenye HDMI pande zote, fanyeni hivyo kabla ya kununua rimoti yoyote. Tafuteni kwenye menyu Anynet+ kama ni Samsung, Simplink kama ni LG, Bravia Sync kama ni Sony, ni kitu kile kile. "Tafuta Harmony." Logitech, waliokuwa wakitengeneza rimoti hizo za Harmony, walitangaza Aprili 2021 kwamba hawatazitengeneza tena. Zilizobaki ni za mkono wa pili, na kuzipanga kunategemea hifadhidata ya kampuni kuendelea kuwa hewani. Anayekuuzia anapaswa kukuambia hivyo, na nimeona zikitangazwa hapa mjini bila neno hilo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Taarifa! Imeandikwa. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Muhuri wa wino kwenye risiti haufuti Katiba. Nimetaja chombo nilichonacho, nimeuliza kama itakiendesha, nimejibiwa ndiyo, na jibu lilikuwa la uongo. Nataka pesa yangu irudi, na nitaendelea kudai.

Ninachotaka kutoka kwa wauzaji si kikubwa. Pasueni plastiki ya rimoti moja ya kila aina iwe ya kujaribia. Mruhusu mteja aje na chombo chake. Andikeni kwenye kibao: infraredi pekee, au infraredi na Bluetooth. Na msiniambie kufungua kamera ya mbele ya simu na kuona taa ya zambarau kwenye ncha ya rimoti ni ushahidi kwamba inafanya kazi. Hiyo inaonyesha taa inawaka. Haionyeshi inasema nini.

Wadau wenye resiva za eksi-UK, nawaomba: kama una rimoti inayoiendesha kweli, andika hapa modeli ya resiva, modeli ya rimoti, kodi uliyotumia, kama menyu inafunguka, na kama sauti inapanda ukishikilia kitufe. Picha ya boksi haitoshi, andika ulichojaribu kwa mkono wako. Na kama wewe ni muuzaji na duka lako lina meza ya kujaribia, sema liko mtaa gani. Nitakuja na resiva yangu, na wengine watakuja pia.