Mrejesho: Programu inasoma faida, hela haionekani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Mwezi wa tatu niliuliza kwa nini programu ya hesabu ya duka langu la vifaa vya ujenzi inasoma faida ya milioni 2 na laki 3, wakati mimi sina hela ya kuagiza saruji.

Aliyeniambia nianze na wadaiwa, Mungu akubariki sana. Programu inahesabu mauzo siku ninapotoa ankara, si siku fundi anapolipa. Nilipofungua ripoti ya madeni kwa umri wake, yaani kila deni limekaa muda gani, nikakuta milioni 1 na laki 4 ziko kwa mafundi wanne, mmoja tangu Desemba. Ripoti ilikuwepo muda wote, sikuwahi kuibonyeza!

Kisha nikakesha siku mbili nikilinganisha taarifa ya benki na ya pesa za simu na kilichomo kwenye programu, mstari kwa mstari. Makato ya miamala hayakuwa yameingizwa hata moja. Na laki 3 na nusu niliyotoa kwenye droo kwa ada ya mtoto haikuandikwa popote. Sasa nimeifungulia akaunti yake, matumizi ya mwenye duka, isichanganyike na gharama za biashara.

Fundi wa Desemba ameshalipa nusu.

Kilichobaki ni misumari: nanunua kwa boksi, nauza kwa kilo, na stoo inasoma hasi. Aliyewahi kuweka vipimo viwili kwenye bidhaa moja anielekeze tafadhali.