Tupeane uzoefu: programu ya kutengenezea muziki, iliyopangwa tayari au ya kuunga mwenyewe?

Mikindani_Sauti: Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za kazi. Mnapenda programu yenye kila kitu mahali pake, au ile unayoipangia njia za sauti mwenyewe? Leteni mipangilio mnayotumia, sifa tupu hazisaidii.

Makonde_Biti (Newala): Kwa ngoma za sindimba zilizorekodiwa kwa maiki, programu ya Reaper haina mpinzani. Folda yake ni treki (mstari wa sauti) kamili, ina fader (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) na efekti zake. Ngoma nne, maiki nne, zote folda moja. Tuma folda hiyo kwenye treki ya pembeni yenye kompresa (kifaa cha kubana sauti kali) ya 8:1, kisha ipandishe taratibu chini ya sauti halisi mpaka ngozi ijae. Angalieni hapa: ukituma kabla ya fader, ukishusha ngoma, nakala iliyobanwa inabaki juu na miksi inaharibika.

Prodyuza_Masasi: Mkuu, biti la kuanzia sifuri nabaki programu ya FL Studio. Hatua 16 za mdundo ziko mbele ya macho, wazo halipoi. Ila chaneli (ala moja) usipoielekeza kwenye inseti (mkondo wa miksa) yake, kila kitu kinaangukia Master, yaani mkondo wa mwisho wa pamoja, na huwezi kushika kiki (ngoma ya besi) peke yake. Chagua chaneli, chagua inseti, bonyeza Ctrl+L. Wenye toleo la majaribio: linahifadhi projekti lakini halitaifungua tena mpaka ulipie, kwa hiyo toa faili za sauti za WAV za kila treki kabla ya kufunga.

Lindi_Waya: Uhuru wenyewe ni VCV Rack, programu ya kuunganisha moduli (vifaa vidogo vya sauti) kwa waya za kwenye skrini, tena ya bure ipo. Kila waya huchelewesha sauti kwa sampuli 1 (kipimo kimoja kidogo kabisa cha sauti ya dijitali). Kwa sikio si kitu, kwa sikwensa (moduli inayopiga noti kwa hatua) ni balaa: saa (ishara ya kusogeza hatua) ikipita moduli 1 na riseti (ishara ya kurudi mwanzo) ikipita 3, hatua ya kwanza inarukwa au inajirudia. Sawazisha idadi ya moduli pande zote mbili.

Makonde_Biti (Newala): Hiyo ya riseti inasumbua wengi, asante ndugu.

Mikindani_Sauti: Na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hushika kabla ya kuitoa, mnaweka ngapi?

Lindi_Waya: Kurekodi sampuli 128, kumiksi 512 au zaidi. Kwa 44,100 Hz, bafa ya 256 ni kuchelewa kwa kama milisekunde 5.8. Umeme ukikatika, laptopu ikihamia betri hupunguza kasi ya prosesa na sauti inaanza kukwaruza. Pandisha bafa kwanza, plagini (programu ndogo za efekti na ala) usiziguse.