Naomba ushauri: nawaelezaje wanafunzi kuhusu 4,294,967,297?

Habari za saa hizi wakuu. Nafundisha hesabu kidato cha tatu, na namba hii imenikamata wiki nzima.

Ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliziona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ongeza 1), zote namba tasa, akaamini na hii inayofuata ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inagawanyika: 641 × 6,700,417. Niliwapa darasa wazidishe wenyewe kwa mkono. Binti mmoja wa dawati la mbele alipofikisha tarakimu ya mwisho akapiga mstari chini yake mara mbili, kisha akauliza: "Mwalimu, huyo mtu aliijuaje 641?"

Najua jibu: kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64, ongeza 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano tu! Kwangu huo ndio uzuri wenyewe.

Kinachonishinda ni kueleza *kwa nini* iwe 64. Uthibitisho ninaoujua ni wa chuo kikuu, na wanafunzi wangu wanajua kugawanya na kupata baki tu. Sitaki kuwaambia "karirini". Nimewaza nianze na baki za vipeo vya 2 zikigawanywa kwa 17, waone zinavyojirudia kila baada ya hatua 8.

Aliyewahi kufundisha hili anisaidie, ungeanzia wapi? Kipindi ni Alhamisi.